Kabati la Chipbodi Lililoyumba: Jinsi Nilivyolitengeneza Mwenyewe

Kabati langu la nguo nililinunua likiwa ndani ya sanduku la karatasi ngumu, vipande vyake vimelazwa kimoja juu ya kingine na mfuko wa skrubu ukiwa katikati. Niliviunga mwenyewe jioni ile ile sakafuni, Kasarani, Nairobi, na kwa miaka sita halikunisumbua. Tulipohamia Umoja lilisafirishwa wima nyuma ya pikapu, limefungwa kamba moja tu kiunoni, na tangu siku hiyo likawa linayumba kila nilipofungua droo. Mlango wa kushoto ukashuka na kukwaruza ubao wa chini, na ubao huo wenyewe, kwa kuwa ulikaa karibu na mitungi ya kuwekea maji, ukavimba kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai.

Nilimwita fundi wa mtaani. Alizitoa skrubu fupi za bawaba na kutia nyingine ndefu na nene zaidi, akazikaza kwa nguvu zake zote. Ubao wa ubavuni una unene wa milimita 16, ilhali skrubu hizo zilikuwa za inchi moja, yaani milimita 25, hivyo ncha mbili zikachomoza upande wa nje na kubandua melamini, ile ngozi ya plastiki inayofunika ubao. Baada ya wiki mbili mlango uling'oka tena, safari hii pamoja na kipande cha ubao cha ukubwa wa kidole gumba. Niliumia sana, kwa sababu kabati hilo ni tunda la mshahara wangu wa kwanza, na nikaazimia kwamba halitaguswa tena kabla sijaelewa limejengwaje.

Chipbodi ni chembe za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto, kisha zikavikwa ngozi nyembamba ya melamini. Haina nyuzi ndefu za kuishika skrubu kama mbao ya msaipresi, na kwa hiyo kila unapokaza kupita kiasi, meno ya skrubu husaga chembe zile na tundu huzidi kupanuka. Mzee mmoja anayeuza vipande vya mbao katika soko la Gikomba, nilipompa kile kipande kilichong'oka, alikisugua kwa kidole mpaka kikamwaga unga.

"Mama, tundu likishalegea halikazwi," akaniambia. "Hujazwa."

Akanichagulia kijiti cha mviringo cha mbao ngumu, chenye kipenyo cha milimita 8, na hicho ndicho kilichoniokolea mlango.

Kile kipande nilikirudisha mahali pake kwa gundi nyeupe ya mbao, nikakibana usiku kucha. Kesho yake nilitoboa upya matundu ya bawaba kwa keekee ya milimita 8, nikiwa nimeizungushia utepe kwenye alama ya milimita 12 ili isije ikatokea upande wa pili. Nilifuta vumbi lote, nikatia gundi na kungoja dakika chache, maana chipbodi huinywa gundi ya kwanza kama ardhi kavu inavyokunywa mvua. Nikaongeza ya pili, ndipo nikagongomea kijiti polepole na kukikata kiwe sawa na uso wa ubao. Matundu madogo, pamoja na yale mawili yaliyotokeza nje, niliyajaza kwa vijiti vya mishikaki vilivyopakwa gundi hiyo hiyo. Halafu nikasubiri saa 24 kamili. Ukitia skrubu gundi ikiwa bado mbichi, kijiti huzunguka pamoja nayo na kazi yote hupotea. Gundi ilipokauka nilitoboa katikati ya kila kijiti tundu dogo la milimita mbili na nusu, nikarudisha skrubu fupi za awali kwa bisibisi ya mkono, nikaacha kuzungusha pale tu kichwa kilipotua. Ningependa kila mwenye fanicha ya aina hii aisikie mkononi ile hatua ya skrubu kutua, kwa sababu nusu mzunguko wa ziada ndio unaoharibu.

Kuyumba kulikuwa na chanzo kingine kabisa, nami nilikaribia kukikosa kwa kuhangaika na skrubu za pembeni. Kinacholizuia kabati kama hili lisiinamie upande mmoja ni ule ubao mwembamba wa mgongoni, ambao wengi hudhani kazi yake ni kuzuia vumbi. Wangu ulikuwa hadibodi ya milimita tatu, vipande viwili vilivyounganishwa kwa utepe katikati, na misumari yake midogo ilikuwa imechomoka nusu nzima ya chini. Nilipima kwa tepu kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, nikapata sentimita 198.5, pembe nyingine mbili zikanipa 195.4. Kabati la urefu wa sentimita 180 na upana wa 80 likisimama sawasawa, vipimo hivyo viwili havina budi kulingana, karibu 197 kila kimoja.

Nilinunua plaiwudi nyembamba, nikaomba ikatwe dukani iwe kipande kimoja kisicho na kiungo. Nyumbani tulililaza kabati kifudifudi juu ya blanketi, mimi na mdogo wangu, nikafunga kamba kwenye zile pembe mbili zilizokuwa mbali zaidi, nikapitisha mwiko katikati ya kamba na kuusokota kidogo kidogo, huku mdogo wangu akisoma tepu, mpaka vipimo vikalingana. Hapo ndipo nilipofunga plaiwudi kwa skrubu fupi kila baada ya sentimita 12. Sikuipaka gundi, ingawa ingeongeza uimara, kwa kuwa mpangaji hajui atahama lini na nataka mgongo huo ufunguke siku hiyo ikifika. Nilipofungua kamba, kabati halikurudi nyuma hata kidogo, nami nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kulinunua.

Ubao wa chini haukurudi kuwa kama zamani, na chipbodi iliyovimba hairudi. Niliuacha ukauke wiki nzima, nikaunywesha gundi iliyopunguzwa kwa maji kidogo, nikaubana kati ya mbao mbili zilizofunikwa nailoni, kisha nikaulainisha kwa msasa. Pua na mdomo nilivifunga wakati wa kupiga msasa, na madirisha yalikuwa wazi, kwani gundi ya kiwandani inayoshika chembe hizo kwa kawaida huwa na formaldehaidi, kemikali inayodhuru ikivutwa. Kingo zote zilizo uchi nilizipaka vanishi mara mbili, na sasa kabati limesimama juu ya vipande vinne vya msaipresi vyenye mpira wa tyubu kuukuu chini yake, sentimita tano juu ya maji ya kupigia deki.

Vile vichuma vya duara vinavyozungushwa kukamata kichwa cha skrubu ndefu ndani ya ubao, vitatu vilikuwa vimepasuka. Hadiwea huviuza na kuvibadilisha ni kazi ya dakika moja. Mwishowe nililifunga kabati ukutani kwa kichuma cha pembe, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu Kasarani, kwa sababu mtoto wa jirani hupenda kupanda droo.

Milango inafungika kwa kusukumwa na kidole kimoja. Imebaki droo ya tatu, ambayo iko mezani imezungushiwa kamba, na gundi yake itatimiza saa 24 kesho jioni.