Namba 17

"Mama, mbuzi yetu ilikuwa kwenye mashindano?"

Jumamosi, pweza yuko jikoni, na mimi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mwanangu amelala kifudifudi sakafuni, kichwa karibu kiingie chini ya kiti kama fundi gari, anasoma kilichoandikwa upande wa chini kwa rangi nyeupe. 17. Yuko darasa la kwanza, siku hizi hakuna maandishi yanayopita salama mbele yake: mifuko ya saruji, kanga za watu barabarani, tarehe za dawa. Kwake yeye kitu chenye namba ama ni mchezaji wa mpira ama ni mkimbiaji.

Nikamwambia ngoja nimalize kukuna.

Mngemjua Bibi yangu, mngeelewa kwa nini sikumjibu pale pale.

Ilikuwa Mikindani, mimi niko kidato cha tatu. Kukaja habari ya siku ya utamaduni: ngoma, vyakula vya asili, na chumba cha maonyesho kwenye nyumba moja kuukuu jirani na pwani. Wanafunzi tukaagizwa tulete vitu vya kale kutoka majumbani. Nilipomweleza Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Vya kale? Si unipeleke mimi, mke mwenzangu, unifunge utepe."

Hakuwa na kinyago wala upanga wa babu. Alikuwa na mbuzi. Mbao nzito, iliyolainika kwa kukaliwa hadi ikang'aa kama imepigwa vanishi, na ulimi wake wa chuma meno yote yamekamilika. Nikamwahidi siku tatu. Siku hizo tatu akawa anaazima mbuzi ya jirani na kuisema vibaya: haikuni, inaparura.

Kwa sababu ya mwandiko wangu nilipewa kazi ya kuandika kadi. Mzee mmoja wa kamati alisimama nyuma yangu anasahihisha. Nilikuwa nimeandika: Mbuzi. Kifaa cha kukunia nazi. Kinatumiwa na wanawake wa pwani. Akaniambia hapana binti, makumbusho ni mambo yaliyopita, weka "kilitumiwa", malizia "hapo zamani". Nikaandika upya. Dema, lilitumika kuvulia samaki. Kinu, kilitumika kutwangia. Kifumbu, kilitumika kuchujia tui. Chumba kizima nikakitia -li-. Mchana ule nikarudi nyumbani nikala wali wa nazi, na sikuona ajabu yoyote. Niliona nimefanya kazi ya kisomi.

Siku yenyewe nitaipitisha haraka. Kulikuwa na sindimba, vumbi likapanda hadi kwenye miwani ya mgeni rasmi. Kina mama waliuza ming'oko, vile viazi vya porini, na wakawashinda wote kwa wateja. Hotuba zilikuwa ndefu. Tukaambiwa boma lile juu ya kilima Wajerumani walilijenga mwaka 1895, na kwamba mji wetu ulikuwa mji hasa, mpaka mpango wa karanga wa Waingereza ulipotaka maji ya kina kwa meli kubwa, bandari ikajengwa Mtwara na sisi tukabaki na milango ya nakshi. Halafu akaja Livingstone. Huwa lazima aje. Mwaka 1866 alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, na kibao chake kipo ukutani mpaka leo.

Bibi alikuwa amevaa doti yake ya Idi. Akaniinamia. "Alikaa kwetu miaka mingapi?"

"Hata mwezi haukutimia, Bibi."

Akafikiri kidogo. "Na siku ya tatu jembe walimpa?"

Nilicheka kwa sauti, mwalimu akanigeukia.

Ndipo tukaingia kile chumba. Kilikuwa na joto na harufu ya chokaa mbichi. Vitu vilipangwa juu ya meza zilizotandikwa kaniki, na kila kimoja kina kadi yake mbele. Bibi alipita kwenye madema na mitungi bila kusimama, kama mtu anayekatisha sokoni akijua anakokwenda. Akafika kwa mbuzi yake. Waliikunjua na kuiinua juu ya sanduku, ulimi umeelekea watu. Aliiangalia jinsi unavyomwangalia mtoto wako akiwa amevalishwa nguo za kuazima.

"Hapa wamesema nini?"

Kadi ilikuwa yangu. Mwandiko wangu, wino wangu wa bluu, hata mstari niliopiga kwa rula. Nikajisafisha koo. "Mbuzi. Kifaa cha kukunia nazi. Kinatumiwa na wanawake wa pwani." Nikaishia hapo. Hilo "hapo zamani" nikalimeza.

Bibi hakusema kitu. Akanyoosha kidole, kile cha shahada chenye kovu la ulimi wa mbuzi hiyo hiyo, akakiweka chini ya neno la kwanza. Akakisogeza taratibu kuelekea kulia, bila kugusa karatasi, jinsi mtu anavyofuata mstari wa siafu. Mbuzi. Kifaa. Cha. Nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana, kuna mtoto analilia maandazi. Kidole kikafika kwenye "kilitumiwa". Kikasimama katikati ya neno.

"Na hapa?"

"Kinatumiwa, Bibi."

Kikabaki pale. Nilikuwa nauona ukucha, una manjano ya bizari. Sijui ni muda gani. Niliomba Mungu asitokee mwanafunzi mwenzangu kimbelembele akasoma kwa sauti.

"Haya," alisema. Akashusha mkono, akajitengeneza kanga, akaniuliza kama ming'oko imebaki.

Basi. Ndiyo hadithi yote, na miaka kadhaa niliihesabu kuwa ushindi wangu mdogo: nilimlinda Bibi asijue kwamba yeye ni wa zamani. Mpaka siku moja mama, tukiwa tunabangua korosho na tunaongea mengine kabisa, akataja kwamba enzi za Nyerere, ilipopigwa mbiu ya elimu ya watu wazima, Bibi naye alikwenda kisomo, chini ya mwembe. Hakufika mbali. Babu aliugua, akaacha. "Alifika kuandika jina lake," mama akasema, "baada ya hapo akawa anaweka dole gumba tu, anasema jina lake si la kuandikia karatasi za watu."

Na jina la Bibi lina "li" katikati.

Nimelizungusha kichwani mara nyingi. Inawezekana kidole kilichoka tu. Inawezekana aliitambua silabi moja, yake mwenyewe, katika mstari mzima, akataka kujua inafanya nini pale. Au alisoma yote akanipima, halafu akaniacha. Kuuliza nimechelewa.

Siku tatu zenyewe zilikuwa miezi minne. Wageni waliendelea kuja, maonyesho yakaongezwa muda, na kila nikienda kudai naambiwa wiki ijayo. Iliporudi ilikuwa na hiyo 17 chini. Bibi akaipindua, akasema wameifunga, si unaona wameipa namba ya mfungwa, akaikalia akakuna nazi mbili. Mimi nilitaka kuikwangua kwa kisu. Akanizuia: acha, ikipotea tena watajua ya nani.

Nilimkumbuka mwaka 2010, habari ilipokuja kwamba kinyago cha Kimakonde kilichoibwa kwenye makumbusho ya Dar es Salaam mwaka 1984 kimerudishwa kutoka Uswisi. Miaka 26. Na mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyebebwa vipande vipande vichwani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi kuanzia 1909, bado yuko Berlin amesimama na kadi yake. Ukilinganisha, miezi minne si kitu. Lakini sisi tulikuwa tunakula mboga bila tui.

Bibi alipofariki, wajomba waligawana mikorosho. Mimi nikaomba mbuzi, wakaniona mjinga, wakanipa upesi kabla sijabadili mawazo.

Nazi imekwisha, kifuu kimebaki cheupe. Mwanangu bado yuko sakafuni.

"Ilikuwa kwenye mashindano au haikuwa?"

"Ilikuwa."

"Ikawa ya ngapi?"

"Si umesoma mwenyewe? Kanipe kifumbu."