Prikweli si filamu ya kwanza kutoka

Jana usiku mdogo wangu alitaka tuanze kutazama Star Wars, akachagua ile iliyoandikwa namba moja. Nikamshika mkono kabla hajabonyeza rimoti. "Si ndiyo ya kwanza?" Kwa mtiririko wa hadithi, ndiyo. Kwa kutoka, hapana: hiyo ni ya 1999, na iliyoanzisha yote ni ya 1977. Ndiyo maana ya prikweli, kazi inayotungwa baadaye ikasimulia yaliyotangulia.

Neno hili watu wanalichanganya sana, na mimi linanigusa kwa sababu utamu wote umo humo. Wewe unajua yule mtoto mpole wa filamu ya 1999 ndiye atakayekuja kuwa Darth Vader, yule adui katili wa filamu za mwanzo, yeye mwenyewe hajui. Kila akicheka, roho inakuuma. Ukianza nayo, uchungu huo huupati, na siri kubwa ya filamu ya 1980 inakuwa imeshavuja.

The Hobbit ya 1937, kwa mfano, siiiti prikweli ya The Lord of the Rings. Matukio yake yanatangulia, sawa, lakini ilichapishwa kwanza.

Basi tukaanza na ya 1977. Mdogo wangu kalala saa nane usiku, bado anauliza huyo Vader zamani alikuwa nani.