Nyumbu aitwaye Kate, au nilivyowapata wazee wawili wa Georgia

Nyumbu ninayemzungumzia si yule wa Serengeti. Ni mtoto wa punda dume na farasi jike, ambaye pwani humwita baghala. Ndiye aliyenitoa kwenye shimo nililojichimbia kwa miezi minne, na kwa kuwa hakuna aliyenishauri nimtafute, nitamsifu mpaka mchoke.

Mama mkwe wangu ni Mmarekani Mweusi, na asili ya ukoo wake ni mashamba ya pamba ya katikati ya Georgia. Alitaka wazazi wa babu yake wajulikane, na kizazi chao chote kiwekwe kwenye karatasi moja kabla ya mkutano wa ukoo. Kiswahili kinarahisisha kazi: yeye ni kitukuu wao, mke wangu kilembwe, watoto wetu vilembwekeza. Kwa Kiingereza unarudia neno lile lile mbele ya jingine mpaka unapotea hesabu. Wazee wenyewe tuwaite Mzee na Mollie, maana jina la ukoo siliweki hapa.

Ushauri wa kwanza, wa kila mtu, ulikuwa nianze na vinasaba. Tukapima. Ikaja orodha ndefu ya ndugu wa mbali, wengi wao hawajaandika hata jina la babu mmoja. Vinasaba vitakuambia mnahusiana, lakini kupitia nani, hapo vinanyamaza. Ushauri wa pili: usihangaike, mahakama za kusini ziliungua na kumbukumbu zake. Baadhi ziliungua kweli. Lakini daftari za kodi za Georgia zilikuwa na nakala iliyopelekwa serikali ya jimbo kila mwaka, na nyingi zipo kwenye Nyaraka za Jimbo mjini Morrow, kusini mwa Atlanta. Tawi la Nyaraka za Taifa liko jirani kabisa, kwa hiyo siku moja inatosha kubisha hodi nyumba mbili.

Sasa nijicheke. Kikongwe mmoja wa ukoo, aliyepita miaka 90, alimkumbuka Mollie: mfupi, kiko mdomoni, hataki kelele. Nikafungua sensa ya 1900, nikaandika jina la Mzee na kaunti. Wakatokea wanaume wawili, jina moja, umri ukipishana miaka miwili, wilaya moja ya wanamgambo. (Kaunti za Georgia zimegawanywa kwa wilaya hizo, na sensa na kodi zote zinazifuata, kwa hiyo namba ya wilaya iandike mkononi ikibidi.) Mmoja mkewe Mollie, mwingine mkewe Mary. Ungekuwa wewe ungemchukua Mary? Nikamchukua Mollie. Nikamjengea mti mzuri ajabu, na ndoa yake, na wazazi wake pande zote mbili. Nikaagiza vyeti vya vifo, vitano au sita, kila kimoja dola 20 na ushee, nikachapisha mchoro wa rangi.

Na muda wote karatasi zilikuwa zikinipigia kelele. Sensa ya 1900 ina safu mbili ambazo watu huziruka: mama amezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai. Mollie wangu alikuwa na 4 na 4, ilhali ukoo unawataja kwa majina watoto 7 waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Nikasema karani kakosea. Kisha cheti kimoja kikafika: Mollie amefariki 1921. Kikongwe aliyekumbuka kiko chake alizaliwa miaka ya 1930. Hapo sikuwa na karani wa kumsingizia.

Kosa lilikuwa la kigeni kabisa. Kule Mollie ni jina la kubembeleza la Mary, kama Dija kwa Khadija. Polly naye ni Mary. Sallie ni Sarah, Patsy ni Martha. Mwenyeji angeniambia kwa dakika moja, ila sikuuliza, nilikuwa nachapisha rangi.

Lakini kujua kwamba Mary anaweza kuwa Mollie si ushahidi, na wale wanaume wawili bado walikuwa na jina moja. Hapa ndipo anapoingia Kate.

Mkulima asiye na nyumbu alilima kwa nusu: mwenye shamba anatoa mnyama, jembe na mbegu, kisha anachukua nusu ya mavuno. Mwenye nyumbu wake alilipa theluthi ya mahindi na robo ya pamba. Nyumbu ndiye aliyempandisha mtu daraja, na ndiye aliyewekwa rehani mwanzoni mwa kila msimu ili dukani wakukopeshe mbolea, unga na nyama ya nguruwe hadi pamba iuzwe. Rehani hizo ziliandikishwa kwa karani wa mahakama ya juu ya kaunti, pale pale zinapoandikishwa hati za ardhi, lakini mara nyingi katika daftari zake peke yake. Watafutaji hufungua za ardhi, hawaoni kitu kwa kuwa babu yao hakuwa na ardhi, wanaondoka. Ulizeni daftari za rehani za mifugo na mazao, na mtafute kwa jina la mkopaji.

Mkopeshaji aliandika jina la mtu jinsi alivyolisikia, na mtu akaweka alama ya X. Dhamana ndiyo iliyoelezwa kama bibi harusi. Mwaka 1896: nyumbu jike, mweusi, umri miaka 8, anaitwa Kate, yupo kwenye shamba la bwana fulani. Yule mwanamume mwingine alikuwa na farasi, Dan, kwenye shamba la bwana mwingine. Nikawaacha wanaume, nikafuata wanyama. 1897 Kate ana miaka 9. 1898 ana 10. Umri wa Mzee kwenye sensa unarukaruka, kati ya 1900 na 1910 aliongezeka miaka 7 tu, lakini wa Kate unapanda sawasawa, maana kuna fedha za watu juu yake. Kisha rehani ya 1901. Mkopeshaji, sijui alikuwa na wasiwasi gani, akataka mke naye aweke alama. Mary.

Nikasimama, nikatoka nje, nikanywa soda.

Basi Mzee wa Kate yuko kwenye shamba la bwana fulani, na mkewe ni Mary. Bado ilibaki kuunganisha Mary na Mollie, na hilo lilifanywa na kadi ya jeshi. Uandikishaji wa Vita vya Kwanza vya Dunia ulifanyika kwa awamu, na ya 12 Septemba 1918 iliwahusu wanaume wa miaka 18 hadi 45 ambao hawakuwa wameandikishwa bado. Kadi ya awamu hiyo inauliza jina na anwani ya ndugu wa karibu. Mtafute mtoto ambaye hajaoa, maana aliyeoa atamtaja mkewe na hutapata kitu. Mtoto mmoja wa Mzee, kapera wa miaka 34, alimtaja mama yake, na akamtaja kwa jina la nyumbani: Mollie. Mwajiri wake? Ukoo ule ule wa mwenye shamba alipolala Kate.

Kadi za Juni 1917 zina kona ya chini kushoto yenye maagizo kwamba ikatwe iwapo mwandikishwa ana asili ya Afrika. Ukikuta kona haipo usidhani ni panya. Na zile za wazee za Aprili 1942 msizitafute kwa Georgia: za majimbo kadhaa ya kusini ziliharibiwa kabla ya kupigwa picha. Wiki yangu nzima ilipotelea hapo.

Mengine yalikwenda haraka. Ndoa ya Mzee na Mary ilikuwa Januari 1881, wakati pamba imeshauzwa, kwenye kitabu kilichotengwa kwa ajili ya watu Weusi. Atakayefungua kimoja tu atasema hawakuoana. Jina la ukoo la bibi harusi likanipeleka sensa ya 1880, ya kwanza kuandika kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa nyumba, na hapo yuko na wazazi wake. Mzee nilimkuta 1870 akiwa mtoto wa miaka 11. Hiyo ndiyo sensa ya kwanza iliyowataja kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Nyuma yake, 1860, kuna orodha ya watumwa yenye jina la mmiliki, na chini yake umri, jinsia na rangi. Nimemwona mtoto wa kiume wa mwaka 1 kwenye shamba linalofaa. Sijamweka kwenye mchoro. Watoto wa mwaka 1 walikuwa wengi.

Kwa watoto waliohamia Detroit, mji wa viwanda wa kaskazini, kuna hila nyingine. Fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, iliyoanza 1936, inataka jina la baba na jina la mama kabla ya kuolewa, na mwombaji anajaza mwenyewe, tofauti na cheti cha kifo kinachojazwa na mkwe mwenye haraka. Lakini wakulima na watumishi wa nyumbani hawakuingizwa kwenye mpango huo hadi miaka ya 1950. Kwa hiyo agiza ya yule aliyekwenda kiwandani, si ya aliyebaki shambani. Gharama ni kama ya cheti. Ratiba za mazishi nazo msizidharau: zinataja waliobakia, miji wanayoishi, na wakati mwingine ugomvi unauona kwa nani hakutajwa.

Vinasaba nikavirudia mwisho. Vitukuu wawili wa wazee wale wale, kupitia watoto tofauti, hushirikiana wastani wa sentimogani 230 hivi (ndicho kipimo cha vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki). Mama mkwe na mzee mmoja wa Detroit walitoka 198. Inatosha.

Makaburini nendeni Januari au Februari, nyasi zimelala na nyoka pia. Maandishi yaliyofifia yasomeni kwa kioo cha kujitazamia, rusha mwanga wa jua kutoka ubavuni. Anayewaambia mpake jiwe povu la kunyolea ndevu mnyang'anyeni kopo.

Mchoro umekamilika isipokuwa mahali pamoja. Sensa ya 1900 inasema Mary amezaa 11, hai 8. Ile ya 1910 inasema 12, hai 9. Watatu walizaliwa na kufa kati ya 1881 na 1900. Sensa ya 1890 ambayo ingewashika iliharibika kwa moto wa Januari 1921 kule Washington, na Georgia ilianza kuandikisha vifo jimbo zima 1919. Nimepekua hadi daftari za rehani. Watoto hawakuwekwa dhamana. Nilitaka kuifuta mistari ile mitatu ili karatasi ipendeze. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, iache." Kwa hiyo chini ya Mzee na Mary kuna masanduku 12, matatu matupu, na kwenye pambizo, kwa mwandiko wangu, Kate.