Eti kwenu watu wana nafasi ya kufikiria mazingira?

Ndivyo alivyoniuliza mama mmoja hapa Vienna, Jumapili, tulipokuwa tukitoka kwenye jumba la sanaa. Aliuliza kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma. Tiketi nimelipa kwa yuro kama yeye, hela ambayo ukiipigia hesabu ya shilingi unaweza kurudi nyumbani bila kuingia.

Filamu tuliyotazama ni ya Oliver Ressler, msanii wa Austria ambaye kwa miaka mingi amekuwa akirekodi maandamano na kuyaonyesha kama sanaa. Ni Mei 2016, Lusatia, mashariki mwa Ujerumani. Watu kama 4,000, wengi na ovaroli nyeupe, wanateremka kwenye mgodi wa makaa ya mawe na kukalia reli ili mtambo wa umeme ukose makaa. Kamera iko katikati yao. Ni kazi nzuri, nami nilisisimka.

Lakini mimi ni mtu wa Lamu, jamani. Sisi tulitakiwa tupokee mtambo wa makaa wa megawati 1,050 pale Kwasasi, karibu na mji mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Wavuvi walikataa. Wazee na akina mama walikataa. Walikaa vikao, wakaandamana, wakaenda kudai haki yao mbele ya sheria. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira Nairobi likafuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Watu ambao bei ya samaki ndiyo inayoamua kama watoto watakwenda shule! Halafu mimi niulizwe kama tuna nafasi ya kufikiria?

Nilimwambia yote hayo, pale pale mlangoni, kwa Kijerumani changu chenye lafudhi ya pwani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika jina la Lamu kwenye simu yake.

Nyinyi mnaojiandaa kuja, msinyamaze mkidhani mtapendwa zaidi. Ila kukalia reli waachieni wenye pasipoti za huku. Kesi ndogo tu ya polisi inaweza kukuganda siku unapokwenda kuongeza kibali cha kuishi.

Ressler ana kazi nyingine ya 2009, ya skrini nane, ambapo aliwauliza wanaharakati wa nchi mbalimbali demokrasia ni nini. Jibu la mvuvi wa Lamu ningelitazama hata mara kumi. Vijana wa Amu wenye simu nzuri, warekodini wazee wetu sasa, wangali na nguvu ya kusimulia, tena wazungumze Kiamu chao. Tafsiri ya Kijerumani nitaifanya mimi bure, na fomu za majumba ya sanaa ya huku nitawajazia.