Ndege Wanaopita Juu ya Nakuru Usiku

Kuanzia Septemba hadi Novemba, na tena Machi na Aprili wanaporejea kaskazini, mimi hupanda juu ya paa la ghorofa tunamoishi hapa Nakuru mnamo saa tisa usiku, wakati matatu zimepungua barabarani na makanisa yenye mkesha yamezima vipaza sauti, nikaketi kwenye kigoda na kusikiliza. Ndege wengi wa safari ndefu huruka usiku kwa sababu hewa imepoa na kutulia, mwewe wamelala, na mchana wanauhitaji kwa kula.

Sauti ya kwanza niliyoijua ni ya kitwitwi mkubwa mwenye miguu ya kijani, anayezaliana kuanzia Scotland hadi Siberia. Hulia mara tatu, tyu-tyu-tyu, kwa mlio wa wazi unaolingana, kana kwamba anapiga hodi. Kitwitwi mdogo, yule anayetikisa mkia kando ya maji, ana sauti nyembamba na ya juu zaidi, nayo ilinichukua misimu miwili kuitenga na milio ya popo na wadudu. Wanaoruka pamoja huitana ili wasipoteane gizani, kwa hiyo mlio mmoja ukifuatwa na wa pili kwa mbali, nami husubiri wa tatu.

Chombo changu ni ndoo ya plastiki ambayo ndani yake nimetandika kipande cha godoro kuukuu na kuweka kipaza sauti kidogo kinachotazama juu, kilichounganishwa na simu. Kuta za ndoo hupunguza kelele za mbwa na bodaboda, mdomo wake ukabaki wazi kwa mbingu. Asubuhi huitazama rekodi kwenye kompyuta kama picha ya sauti, ambapo mlio wa kitwitwi huonekana kama vistari vitatu vifupi vilivyopangana.

Hata hivyo, usiku usio na mlio si usiku usio na ndege. Wengi wa ndege wadogo watokao Ulaya na Asia hupita kimya kabisa. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, taa za hoteli huwavuta kwa wingi katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, na tangu 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu, kuwavisha pete mguuni na kuwaachilia. Nikikumbuka hilo, taa kali zinazowashwa usiku kucha mjini kwetu hunisikitisha, kwani mawingu yakishuka taa hizo huwapotosha wasafiri ambao hatutawaona kamwe.

Lakini sauti inayonigusa kuliko zote ni ya wenyeji wa Bonde la Ufa, yaani heroe, ambao hapa wengi wetu tunawaita flamingo. Nao hupenda kuhama usiku kutoka ziwa moja hadi jingine, ingawa hawafuati msimu bali chakula. Ziwa Nakuru lilipoanza kufurika miaka ya 2010, maji yalipungua magadi, mwani wanaoula ukapungua, na makundi makubwa yakahamia Bogoria.

Usiku mmoja wa Oktoba, baada ya mvua, nilisikia mvumo wa chini uliokatizwa na vilio vyembamba, ukitoka upande wa ziwa. Nilishuka mbio hadi langoni kumwuliza mlinzi wetu, mzee aliyezaliwa na kukulia hapa.

“Shikamoo, Mzee. Unawasikia?”

“Marahaba, mwanangu. Hao ni flamingo. Wanaenda Bogoria.”

Aliizima taa ya lango bila kuombwa. Tulisimama gizani tukiwa tumeinua nyuso, bila kuona hata ubawa mmoja, hadi kilio cha mwisho kilipopotelea upande wa Menengai.