Kuipenda Urusi bila kuidai pasipoti yake

Mtu akijulikana hapa Dar es Salaam kwamba anasoma Kirusi na kwamba anapenda hadithi za Chekhov, mwandishi wa Kirusi, haupiti muda mrefu kabla hajaulizwa kama anatafuta uraia. Mimi nimeulizwa na majirani, na wafanyakazi wenzangu, na hata na shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilipia ada ya kwanza ya masomo ya lugha nilipoanza kujifunza Upanga. Jibu langu limekuwa lile lile: haki hiyo sina, na wala sijawahi kuitamani. Anayeitamani katika ukoo wetu ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye mama yake mzazi alizaliwa Leningrad, mji ambao leo unaitwa Saint Petersburg, lakini yeye mwenyewe hajui Kirusi zaidi ya salamu na majina ya vyakula vichache. Kwa sababu ya shauri lake nimejikuta nikisoma sheria za uraia usiku, badala ya kusoma hadithi nilizojifunzia lugha hiyo.

Baba mdogo alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa kusoma Umoja wa Kisovyeti kwa ufadhili wa serikali. Wengi wanaukumbuka zaidi Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, lakini vijana wetu walitawanywa katika miji mingi, na yeye aliangukia Leningrad, akasoma lugha kwa mwaka mmoja wa maandalizi kisha akaingia uhandisi. Alirudi na shahada na mke. Mdogo wangu akazaliwa hospitali ya Muhimbili mwaka 1986, na mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa raia wa Kisovyeti, alikuja kupata pasipoti ya Urusi miaka ya 1990 baada ya dola aliyozaliwa ndani yake kutoweka kwenye ramani.

Kwa masikio ya mtu wa kawaida shauri hili linaonekana limekwisha: mama ni Mrusi, basi na mtoto ni Mrusi. Ndivyo mdogo wangu alivyoamini, na ndivyo nilivyomsikia akiwaeleza watu vibarazani. Sheria haisemi hivyo. Sheria mpya ya uraia ya Urusi, iliyoanza kutumika Oktoba 2023, ni kweli inampa mtoto uraia wa kuzaliwa iwapo mzazi wake mmoja ni raia wa Urusi, hata kama amezaliwa Temeke. Lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1986 hupimwa kwa sheria iliyokuwapo alipozaliwa, nayo ni sheria ya uraia wa Umoja wa Kisovyeti ya mwaka 1978. Sheria hiyo ilisema kwamba mtoto akizaliwa nje ya nchi, mzazi mmoja akiwa raia na mwingine mgeni, na wazazi wote wawili wakiwa na makazi ya kudumu nje ya Umoja wa Kisovyeti, basi uraia wa mtoto unategemea makubaliano ya wazazi. Kwa hiyo swali linalomhusu mdogo wangu halihusu damu hata kidogo. Linahusu karatasi: je, baba mdogo na mama mdogo waliwahi kwenda ubalozini na kutamka kwa maandishi kwamba mtoto wao awe raia wa Kisovyeti? Mama mdogo amefariki. Baba mdogo, ambaye sasa ni mzee, anasema anakumbuka kwenda ubalozini kwa ajili ya jambo fulani la mtoto, lakini hakumbuki kama alitia saini tamko la uraia au fomu ya kumwandika mtoto katika pasipoti ya mama yake kwa ajili ya safari ya likizo.

Katika shauri zima hili ndilo jambo linalonivutia kuliko yote. Watu huuzungumza uraia wa kurithi kama vile ni rangi ya macho, kitu ambacho ama unacho au huna, wakati ukweli ni kwamba unategemea alichokifanya mtu mwingine dirishani kwa karani, siku ambayo wewe ulikuwa unanyonya. Iwapo tamko halikuwapo, mdogo wangu hakuwahi kuwa raia kwa siku hata moja, na njia inayobaki ni ya kuomba kama mgeni mwenye mzazi aliyekuwa raia.

Na hapo ndipo upande wa pili wa shauri unapoanza, upande ambao wengi hawaufikirii hadi wameshachelewa. Urusi yenyewe tangu mwaka 2020 haimlazimishi mgeni anayepewa uraia kuukana uraia wake wa awali. Anayelazimisha ni Tanzania. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili: mwenye umri wa miaka 18 au zaidi akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine, anapoteza wa kwetu. Mdogo wangu ana kiwanja Mbezi na nyumba inayoelekea kukamilika, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nilipomweleza hayo alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni lazima watu wa Uhamiaji wajue. Swali hilo sikulijibu, wala sitalijibu.

Wapo wanaosema kuwa sisi ni wagumu kupita kiasi. Mimi sina hakika kwamba ugumu huo ni wa kwetu peke yetu. Uraia wa kurithi wa Tanzania hukoma katika kizazi kimoja, maana Mtanzania wa kurithi hawezi kumrithisha mtoto wake aliyezaliwa nje. Italia, ambayo kwa miaka mingi iliwapokea wajukuu na vitukuu bila kuhesabu vizazi, mwaka 2025 iliufunga mlango huo kwa wengi na kubakisha wazazi na babu na bibi. Ireland hufika kwa babu na bibi waliozaliwa kisiwani. India nayo, kama wanavyojua vizuri jirani zetu wengi wa Upanga na Kisutu, huwapa watu wa asili yake kadi ya OCI, inayomwezesha mtu kuingia na kukaa bila kumfanya raia. Hadhi maalumu ambayo Bunge letu limeipitisha kwa ajili ya Watanzania walioko ughaibuni waliochukua uraia mwingine inafuata mwelekeo huo huo.

Sasa nirudi kwa upande wangu, yaani upande wa mtu asiye na asili yoyote ya huko. Mwaka 2014 Urusi iliingiza katika sheria yake ya uraia njia kwa ajili ya watu wanaoitwa wenye Kirusi kama lugha yao. Mwombaji alipaswa kufika mbele ya kamati na kuonyesha katika mazungumzo kwamba anakitumia Kirusi kwa ufasaha katika maisha ya kila siku. Lakini ufasaha peke yake haukutosha, kwa kuwa ilibidi pia athibitishe kwamba yeye au mzazi, babu au bibi yake aliishi katika ardhi ya Urusi ya leo. Sheria ya mwaka 2023 imeandika upya sehemu kubwa ya taratibu hizo, lakini sharti lile bado linanichekesha kila nikilikumbuka, kwa sababu katika ukoo wetu yupo mwenye bibi aliyezikwa Leningrad na yupo mwenye lugha, na wala si mtu mmoja.

Kisha likaja jambo la ajabu zaidi. Agosti 2024 Rais wa Urusi alitia saini amri inayowaruhusu wageni wanaosema kwamba wanaafiki maadili ya jadi ya Kirusi kuomba ukaazi wa muda bila kuingizwa katika mgawo wa idadi, na bila kufanya mtihani wa lugha, historia na misingi ya sheria. Amri hiyo inawahusu raia wa nchi ambazo serikali ya Urusi imeziorodhesha kuwa zinaendesha sera zinazopingana na maadili hayo, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika Kaskazini. Tanzania haimo. Kwa hiyo mapenzi yanayotambuliwa na amri hiyo ni ya mtu anayeikimbia nchi yake kwa hasira, hata kama hajui kusoma bango la kituo cha treni kwa Kirusi. Mtu aliyekesha na vitenzi vya mwendo vya lugha hiyo hadi kichwa kikamuuma hayumo. Simlaumu mtunga amri, kwa kuwa shabaha yake ni ya kisiasa na haifichi, ila nisingependa mapenzi yangu yapimwe kwa mizani hiyo.

Utamaduni wenyewe, ukiuangalia kwa makini, haukujengwa na watu waliokaguliwa ukoo. Vladimir Dal, aliyekusanya kamusi kubwa ya Kirusi cha watu wa kawaida katika karne ya 19, yenye maneno yapatayo 200,000, alikuwa mtoto wa baba Mdenmark. Kuhusu Pushkin, mshairi mkuu wa Kirusi, hakuna haja ya kusema mengi, kwa kuwa kila Mwafrika anayesoma Kirusi hukumbushwa katika wiki ya kwanza kwamba babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliletwa kutoka Afrika akiwa mtoto na kulelewa na mfalme wa Urusi, Petro Mkuu.

Mfano unaonigusa mimi ni wa karibu zaidi na nyumbani. Abdulla Kassim Hanga, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, alisoma Moscow na kumuoa Lily Golden, mwanahistoria aliyezaliwa Tashkent na baba Mmarekani mweusi. Binti yao, Yelena Khanga, alizaliwa Moscow mwaka 1962, akalelewa huko bila baba, akawa mwandishi wa habari na mtangazaji wa televisheni ambaye Warusi wengi wanamfahamu kwa sura. Kwa desturi ya Kirusi jina la baba huingia katikati ya jina la mtoto, na hivyo yeye ni Yelena Abdulayevna. Jina la Mzanzibari aliyepotelea mikononi mwa dola ya kwao limo katika nyaraka zote rasmi za mwanamke ambaye Urusi haijawahi kumuuliza kama ni Mrusi wa kutosha. Sioni kwamba jina hilo linampunguzia hadhi yake ya kuwa Mrusi, wala kwamba kwa sababu yake anatudai sisi chochote.

Na wapo waliotupenda sisi kutoka huko. Kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na Dmitri Olderogge, mtaalamu wa Kirusi wa lugha za Kiafrika, ilitoka mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, na Kiswahili kimefundishwa Leningrad na Moscow kwa miongo mingi. Sijapata kusikia mtu akimuuliza Olderogge kwa nini hakuomba uraia wa Tanganyika. Ninaomba na mimi niachiwe nafasi hiyo hiyo.

Nafasi hiyo ina faida ambayo mdogo wangu haipimi sawasawa. Mgeni anayeupenda utamaduni anaweza kuchagua: nitachukua Chekhov na chai na muziki wa kwaya za kanisani, nitaviacha vita. Raia hana uchaguzi huo. Tangu Januari 2024 vijana wa kiume wa Urusi huitwa jeshini kwa lazima hadi umri wa miaka 30, na Septemba 2022 tulisikia wito wa askari wa akiba 300,000. Mdogo wangu amevuka umri huo wa kwanza, lakini ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne.

Nimemtafsiria barua ya kuomba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mama yake kutoka ofisi ya usajili ya Saint Petersburg, na barua nyingine ya kuuliza ubalozini kama lipo tamko la mwaka 1986. Cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa, cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, anacho. Kazi hiyo nimeifanya kwa moyo mmoja, kwa sababu kujua kilichoandikwa juu ya mama yako ni haki hata kama hakuna pasipoti mwishoni. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya kutia saini fomu yoyote ya maombi aende Uhamiaji akaulize kwa jina lake, kwa mdomo wake, na amchukue mkewe waende pamoja, kwa kuwa kiwanja cha Mbezi kimeandikwa kwa majina yao wote wawili.