Kilichovutwa ni tairi, si gari

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia kisa cha gari langu kuzama mchangani kikisimuliwa kombo kila familia inapokutana. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hukisimulia akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, na humalizia kwa maneno yale yale: "Mkonga ukamvuta." Mkonga, yaani gari lake, haukunivuta. Soma mpaka mwisho uamue mwenyewe.

Mimi ni mtu wa Land Rover. Ninayo Defender 110 ya mwaka 1997, injini ya 300Tdi, rangi yake zamani ilikuwa kijani. Shemeji ana Toyota Land Cruiser hardtop, zile tunazoziita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo. Arusha hapa huwezi kukaa katikati kwenye jambo hili. Kuna Simba na Yanga, halafu kuna sisi.

Utani wenyewe ni wa miaka. Nikiegesha kwao, kabla sijashuka, dada anatoka na beseni la plastiki la bluu, limepasuka ukingoni, analisukuma chini ya injini yangu ili oili isichafue sakafu yake. Hanisalimii kwanza. Ni beseni, halafu "karibu". Nami nikipita karibu na mkonga napiga ubavu wake kwa vidole, ngo ngo, nasikiliza kutu ikidondoka ndani, kisha namkumbusha shemeji kwamba Waingereza walianza kuunda Land Rover kwa alumini mwaka 1948, chuma kilipokuwa adimu baada ya vita, na kwamba wakati mwingine dhiki huzaa akili. Oktoba 2024, Land Rover zilipofurika Arusha kwa lile tamasha, zikajipanga ili kuipiku rekodi ya Ujerumani ya gwaride la magari 632, shemeji aliuficha mkonga nyuma ya nyumba siku tatu. Akienda sokoni anapanda bodaboda.

Basi. Tulikuwa magari saba, Land Rover nne na Toyota tatu, tunatoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka kwenda Ngare Sero, pale kando ya Ziwa Natron. Usiku wa kuamkia safari tuliweka dau: atakayevutwa na gari la upande wa pili ananunua mbuzi, na kuanzia Makuyuni hadi Arusha mjini anaendesha na karatasi nyuma imeandikwa NIMEVUTWA. Wazo la karatasi lilikuwa langu. Naomba mlikumbuke hilo.

Maandalizi sitayaeleza, kila mwenye gari anajua kukagua oili, maji na mikanda. Nitasema moja tu kwa sababu ndilo lililoniponza. Fundi wangu, mzee aliyeanza kuzifungua Land Rover kabla sijazaliwa, alikuwa ameniambia mara nyingi: "Kijana, ile rivasi ndogo uwe unaichezea kila wiki." Rivasi ndogo ndiyo anavyoiita gia fupi ya pembeni ya gia kubwa, ambayo ukiisukumia kando inafunga difu ya katikati, mtambo unaogawa nguvu ya injini mbele na nyuma. Land Rover ya aina hii inasukuma magurudumu yote manne muda wote, hilo ni kweli na najivunia. Ila kati ya mbele na nyuma kuna difu, na usipoifunga, gurudumu moja likikosa ardhi linakunywa nguvu yote ya injini huku mengine matatu yakitazama. Vyuma vinavyoifunga viko chini, kwenye tope na vumbi, na visipotumika vinaganda. Mzee alisema. Mimi nikawa naitikia "sawa Babu" na kwenda zangu.

Baada ya Engaruka nchi inabadilika. Ukuta wa Bonde la Ufa uko kushoto, mbele unaona Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, umechongoka kama pia iliyogeuzwa, na barabara inakatwa na korongo baada ya korongo, mengine makavu kabisa, mengine yana mchanga uliochanganyika na majivu ya mlima. Lengai ulimwaga majivu mengi kati ya 2007 na 2008, na kwa mtu wa gari, majivu yale ni laini kuliko unga wa sembe. Yanaingia masikioni.

Kwenye korongo moja pana shemeji alikuwa mbele yangu. Akasimama, akashuka, akainama kwenye gurudumu la mbele kuzungusha vile vitasa vya kuunganisha magurudumu ya mbele, maana mkonga wake ni wa zamani, lazima ushuke uvifunge kwa mkono, kulia kisha kushoto. Mimi sishuki. Nilimpita pale alipoinama, nikapiga honi, nikatoa mkono dirishani nikampungia kama rais.

Mita mia hivi mbele nikazama.

Kwanza sikuamini. Nilisukuma ile gia kando, nikaongeza mafuta, gari likatetemeka, likakaa chini vizuri kabisa kama mtu aliyepata kigoda. Taa ya difu kwenye dashibodi haikuwaka, lakini haijawahi kuwaka tangu ninunue gari, kwa hiyo haikunishtua. Nilipofungua mlango, ukingo wake ulichota mchanga.

Washauri hawakukawia. Mmoja akasema kanyaga kwa nguvu, itajitoa yenyewe. Ndiyo, itajitoa kwenda chini. Mwingine akasema punguza upepo, na huyo alikuwa sahihi, ila upepo unapunguzwa kabla ya kuingia mchangani. Mimi niliutoa kutoka 36 hadi 18 nikiwa nimeshazama mpaka ekseli. Wa tatu, huyu simsamehi mpaka leo, mwenye Land Rover mwenzangu, alisema kwa sauti ya daktari: "Mwagia maji chini ya tairi. Mchanga mbichi hushika." Mchanga wa pwani labda. Nilimwaga madumu mawili ya lita ishirini, maji tuliyobeba kutoka Mto wa Mbu. Majivu ya Lengai yana magadi ndani yake. Yakipata maji yanakuwa uji, uji wenyewe wa mlenda, na magurudumu yalianza kuzunguka pale ndani kwa raha zote, yakirusha matone meupe mpaka kwenye shati la mshauri. Angalau hilo nililipenda.

Shemeji alikuwa ameegesha mahali pagumu, kaketi juu ya boneti, anakula karanga. Mkanda wa kuvutia alikwisha kuuweka begani. Hakusema neno. Alikuwa anatafuna tu, polepole.

Tatizo la pili lilikuwa mawingu. Yalikuwa yamekaa juu ya ukuta wa bonde, meusi, na maji ya juu yakishuka kwenye korongo hayapigi hodi.

Hapo ndipo kijana mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa kasimama na mbuzi zake akitutazama kama sinema, alinisogelea akaninyooshea fimbo chini ya gari. "Mzee, hii inafanya kazi mguu mmoja."

Watu wazima kumi na mmoja, wenye leseni, hakuna aliyeliona hilo. Nilimwomba mwenzangu akanyage kidogo, nikalala kifudifudi kutazama. Kweli, gurudumu moja tu la nyuma kulia lilikuwa linazunguka. Mengine matatu yamelala. Difu haikufunga kabisa. Mkono wa gia ulikuwa unacheza juu, chini vyuma vimeganda. Sauti ya Babu ikanijia sikioni.

Aliyeingia chini ya gari langu kuvigandua alikuwa mtu wa Toyota. Naliandika hili kwa haki. Alilala kwenye ule uji na shati lake la Ijumaa, akamwagia dizeli kwenye maungio, akagonga taratibu kwa nyundo ndogo, akasubiri, akagonga tena, mpaka tukasikia *kla!* Ile taa ya dashibodi haikuwaka hata hivyo. Balbu iliungua zamani.

Magurudumu manne sasa yalikuwa yanafanya kazi, lakini tumbo la gari lilikuwa limekalia mchanga, hivyo yalizunguka yote manne pamoja bila kwenda popote. Ilibaki kuvutwa. Shemeji akamaliza karanga, akakung'uta mikono.

"Shemeji," nikamwambia, "naomba winchi yako ya mkono, ile ya kuvutia kwa kamba ya chuma."

"Utaifunga wapi?" Akatazama pande zote. Hakukuwa na mti. Migunga ya karibu ilikuwa mbali kuliko kamba ya chuma mara tatu.

"Nitapanda mti wangu."

Ujanja huu niliusikia kwa dereva wa watalii miaka mingi iliyopita, na nilikuwa naomba siku moja nipate shida ya kuutumia. Unatoa tairi la akiba. Unakwenda mbele ya gari, mbali kadiri kamba inavyofika, unachimba shimo linalofika kiunoni. Tairi unalisimamisha ndani, uso wake ukitazama gari. Mnyororo unapita kwenye tundu la katikati la rimu, na kwa nyuma unaushikilia kwa mtaimbo uliolala kukingama rimu, usichomoke. Halafu, na hapa ndipo wengi hukosea, unachimba mfereji mwembamba wa mteremko kutoka shimoni kuja upande wa gari, ili mnyororo uvute kwa chini. Usipouchimba, mnyororo utavuta kuelekea juu na tairi litachomoka kama muhogo. Kisha unafukia na kushindilia kweli kweli. Wachunga mbuzi watatu walituchezea juu yake, wakiruka wima, na sijaona mashine ya kushindilia inayowazidi.

Na nani alichimba shimo lile kwa bidii kuliko wote? Shemeji. Alivua shati. Alijua kabisa kwamba kila koleo anayotupa inamsogeza mbali na mbuzi wangu, lakini alichimba, akanifokea kwamba kuta za shimo langu zimelegea, akazichonga upya. "Kama unafanya upuuzi, fanya upuuzi uliosimama," alisema.

Tukatupia koti zito juu ya kamba ya chuma, maana ikikatika inafyatuka na kuua, tukawaondoa watu wote pembeni, tukaanza kusukuma mkono wa winchi. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Kila msukumo gari linakuja vidole viwili, pengine vitatu. Mwanzoni ardhi juu ya tairi ilivimba kama fuko anapita chini, nikafumba macho. Ikavimba, ikasita, ikakaa. Tairi likawa limeng'ata. Baada ya hapo ilikuwa jasho tu, kupokezana, na mtu mmoja kwenye usukani akikanyaga kidogo sana. Sijui tulichukua saa moja na nusu au mbili. Land Rover ilipotoka kwenye ule uji ilitoa sauti ya mtu mzito akinyanyuka kwenye kochi, kisha ikatembea yenyewe, magurudumu manne, hadi kwenye kokoto. Nilipiga honi mpaka mbuzi wakatawanyika.

Hadithi ingeishia hapo kama lile tairi lingekubali kutoka.

Lilikuwa limejikaza chini ya mchanga tulioushindilia kwa miguu ya Wamaasai watatu. Jua lilikuwa linashuka, mawingu yanasogea, mikono imechubuka, tumechimba nusu na koleo moja limevunjika mpini. Kuliacha? Tairi lile nililinunua laki tatu na kitu, au nne, silikumbuki, ila lilikuwa jipya. Shemeji hakuomba ruhusa. Alirudisha mkonga kinyumenyume, akafunga mnyororo, akaweka gia nzito, akavuta. Likang'oka kama gego. Liliruka, likadunda mara mbili, likabingirika hadi miguuni pangu.

"Nimekuvuta!" akapiga kelele. "Mashahidi mpo!"

Kesi ilisikilizwa usiku ule Ngare Sero, tumezunguka moto. Nilijitetea vizuri: dau lilitaja gari, na tairi lililofukiwa ardhini halikuwa kwenye gari. Yeye akasema tairi ni sehemu ya gari, na winchi ni yake, na nusu ya shimo ni lake. Tukapiga kura. Land Rover nne, Toyota tatu, nikajua nimeshinda. Kura zikatoka tatu kwa nne. Msaliti nilimjua papo hapo: yule wa maji. Alisema bila aibu kwamba alikuwa na hamu ya mbuzi.

Wazee wa kambi wakasuluhisha. Mbuzi tukachangia nusu kwa nusu, laki moja na kidogo jumla, na nyama ilikuwa nzuri. Karatasi, wakasema, itabandikwa juu ya kile kilichovutwa hasa. Sasa kwenye Defender yangu tairi la akiba linakaa mlango wa nyuma, katikati kabisa, usawa wa macho ya kila dereva anayenifuata. Kuanzia Makuyuni hadi mjini malori yalinipigia honi. Basi moja lilinipita abiria wote wameinuka upande mmoja.

Tulifika kwa shemeji jioni, tumefunikwa vumbi mpaka kope. Dada akatoka na beseni la bluu, akaja moja kwa moja kwangu. Kisha akasimama. Chini ya mkonga, kwenye gurudumu la nyuma, oili ilikuwa inadondoka kutoka kwenye shokapu, tone, tone. Bila shaka iliumia wakati wa kung'oa lile tairi. Dada akatazama kwangu, akatazama kwa mumewe, beseni mkononi, asijue aliweke wapi.